Mafuta Yasiyokuwemo

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani Kaniha, Biharamulo, nikiwa na boksi chini ya kiti cha basi. Ndani mlikuwa na gari dogo la umeme la mashindano, lile la kuongozwa kwa rimoti, urefu wake kama sentimita 40. Nililinunua Dar mkononi mwa mtu, limeshachubuka pande zote, kama zawadi kwa mtoto wa kaka yangu aliyetimiza miaka 14.

Tulilitoa jioni kwenye kiwanja cha udongo mwekundu nyuma ya nyumba. Watoto wa majirani walishajaa. Dogo akashika rimoti, akavuta kifyatulio mpaka mwisho, kama mtu anayefyatua manati. Gari likasimama kwa magurudumu ya nyuma, likapinduka chali, matairi yakabaki yanazunguka hewani. Watoto wakaangua kicheko.

"Shangazi, mbona lina hasira?"

"Punguza mafuta," nikamwambia.

Akaligeuza, akachungulia chini, akanitazama. "Mafuta yako wapi?"

Sikuwa na jibu. Lile gari halijawahi kuonja hata tone la petroli. Lina betri, nyaya na mota. Lakini Kiswahili chetu cha barabarani kilijifunza magari kwenye malori na mabasi, kwa hiyo kuongeza mwendo ni kukanyaga mafuta, kupunguza ni kutoa mguu kwenye mafuta, na dereva wa bodaboda anayegeuza mkono wake anavuta mafuta. Lugha imehamisha neno kutoka kwenye tangi hadi kwenye kidole. Swali la dogo lilikuwa zuri kuliko alivyodhani: kwenye chombo cha umeme, hicho tunachokipunguza ni nini hasa? Na nani anaamua kipungue kwa kiasi gani?

Nimetumia miezi kadhaa kulifuatilia swali hilo, na limenipeleka mahali nisikotarajia. Kwanza lilinirudisha kwa baba yangu mdogo.

*

Ba'mdogo alikuwa fundi redio. Hakuwa na cheti, alikuwa na solda ya kupasha kwenye mkaa na kopo la vipuri. Nazungumzia miaka ya mwisho ya 1990, nilipokuwa na miaka tisa au kumi. Miaka michache nyuma, Aprili 1994, umati wa watu kutoka Rwanda ulikuwa umevuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, robo milioni ndani ya muda wa kama siku moja, na misaada ikafuata. Wakimbizi wengi walirudishwa kwao mwishoni mwa 1996, lakini makopo ya mafuta ya kula yaliyokuja na ile misaada yalibaki. Kwetu yalikuwa koroboi, vipimo vya maharage sokoni, na bodi za magari ya watoto. Gari la waya lililovikwa kopo la mafuta lilihesabiwa kuwa la kifahari.

Magari hayo yalikuwa ya wavulana. Mimi nilipata nafasi kwa sababu ya Ba'mdogo. Siku moja alichomoa mota kwenye redio kaseti iliyokwisha kufa, akaifunga kwenye gari la kopo, akaunganisha na mawe manne ya betri kubwa. Ukigusanisha nyaya gari linaruka, ukiachanisha linakufa. Kati ya kuruka na kufa hapakuwa na kitu. Liligonga ukuta mara tatu, na mara ya tatu tairi la kandambili likang'oka.

Ba'mdogo akaketi akafikiri. Kisha akachukua penseli ya shule, yangu mimi, akaipasua kwa wembe kwa urefu mpaka ule uti mweusi ukabaki wazi. Waya mmoja akaufunga mwisho wa penseli. Waya wa pili akanipa mimi. "Uburuze taratibu," akasema. Nilipougusisha mbali, gari likajikokota. Nilipousogeza karibu na ule mwingine, likaongeza. Nikaupeleka mbele na kurudi nyuma, na gari la kopo likatembea uani kama lori linalopita kituo cha ukaguzi. Baada ya muda penseli ikawa ya moto, harufu ya mti ikaanza kutoka, tukaacha.

Wakati ule niliona ni uchawi mdogo wa Ba'mdogo. Kumbe alikuwa amefika, kwa njia yake mwenyewe, mahali palepale walipofikia watengenezaji wa Japani.

*

Historia ya kuongoza chombo kwa mawimbi ya redio ni ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1898, kwenye maonyesho ya umeme Madison Square Garden, New York, Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo iliyotii amri kutoka mbali bila waya wowote, na Novemba mwaka huohuo akapewa hataza yake. Lakini kati ya mashua ile na gari unaloweza kumnunulia mtoto kulipita miaka mingi. Redio zilikuwa kubwa, betri nzito, mota dhaifu.

Mwaka 1976 kampuni ya Tamiya, ya mji wa Shizuoka, Japani, ilitoa gari lake la kwanza la rimoti: Porsche 934, moja ya kumi na mbili ya ukubwa wa gari lenyewe, linaloendeshwa kwa umeme. Miaka iliyofuata Tamiya ikashuka kwenye lami na kuingia vumbini. Grasshopper, yaani panzi, lililotoka 1984, huenda ndilo lililowaonjesha mchezo huu watoto wengi zaidi wa kizazi kile huko Ulaya na Marekani.

Ukifungua magari ya enzi hizo unaikuta penseli ya Ba'mdogo. Kuna mota ndogo iitwayo sevo, inayopokea amri ya kidole chako, inasukuma mkono wa shaba juu ya vipande vya chuma, na vipande hivyo vimeunganishwa na rezista. Rezista inafanya kazi ya uti wa penseli: inauzuia umeme usipite wote. Kwa kawaida ungepata mwendo wa pole, wa kati, na wa kasi, basi. Mwendo wa kasi unairuka rezista kabisa. Miendo miwili ya chini inapatikana kwa kuunguza. Ule umeme ambao hukutaka uende kwenye mota haukurudi kwenye betri, uligeuka joto. Ndiyo maana rezista iliwekwa mahali pa kupata upepo, na ndiyo maana kila aliyecheza na magari yale ana kumbukumbu ya kidole kilichobabuka.

Hapa inabidi nieleze kwa nini mota ya umeme ina hasira, maana ndiyo shina la habari yote. Injini ya petroli ikiwa imesimama haina nguvu yoyote. Ni lazima izungushwe kwanza, ichanganye, ndipo ianze kuvuta. Mota ya umeme ni kinyume chake: nguvu yake ya kusokota ni kubwa kuliko zote pale inapokuwa imesimama kabisa.

Wale waliokua na baiskeli watanielewa haraka. Ukibana dainamo kwenye tairi ili taa iwake, baiskeli inakuwa nzito. Kitu kinachozunguka ndani ya sumaku kinazalisha umeme, na umeme huo unapingana na anayekizungusha. Mota nayo ikizunguka inakuwa dainamo palepale, inazalisha umeme unaousukuma nyuma ule wa betri. Kadiri inavyokwenda kasi ndivyo inavyojizuia yenyewe. Ikiwa imesimama hakuna upinzani huo, kwa hiyo umeme unaingia wote kwa mkupuo. Mkupuo huo ndio uliolipindua gari la dogo chali mbele ya watoto wa mtaa.

*

Sasa fikiria uko mwanzoni mwa miaka ya 1980, unashindana. Betri yako ina seli sita, volti 7.2, na uwezo wa miliampia-saa 1200 hivi. Mbio ni za dakika nne au tano. Ukitumia mota kali na kidole kizito, betri inakata pumzi kabla ya kengele, unatazama wenzako wakikupita ukiwa umesimama katikati ya uwanja. Zile hazikuwa mbio za kasi peke yake. Zilikuwa pia mbio za kubana matumizi. Mshindi alikuwa mtu aliyejua atoe kidole wapi, aliache gari liteleze wapi, na avute wapi bila kupoteza kitu kwenye matairi yanayozunguka bure.

Kwa watu wa namna hiyo rezista ilikuwa tusi. Ulipoamua kwenda pole ili uokoe betri, rezista ikakuunguzia kilekile ulichookoa. Ukombozi ulikuja kwa transista. Bob Novak, aliyeanzisha kampuni yake California mwaka 1978, ni mmoja wa walioeneza kidhibiti mwendo cha kielektroniki katika mchezo huu. Wazo lake la msingi ni rahisi kama bomba la maji: badala ya kulibana nusu, lifungue lote na kulifunga lote, haraka sana, mara maelfu kwa sekunde moja. Ukitaka nusu ya nguvu, liwe wazi nusu ya muda. Mota haina wepesi wa kutambua kila mfunguo na mfungo, inahisi wastani tu. Na kwa kuwa bomba liko wazi kabisa au limefungwa kabisa, karibu hakuna kinachopotea njiani kama joto.

Kuanzia hapo kidole kikapata lugha pana. Kilichokuwa na maneno matatu, pole, kati na kasi, sasa kilikuwa na maneno mengi kuliko kinavyoweza kuyatamka.

Mwaka 1985 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya magari ya umeme ya vumbini, yale ya moja ya kumi, huko Del Mar, California. Mwaka 1987 yakaenda Romsey, Uingereza, na kijana wa Kijapani wa miaka 17, Masami Hirosaka, akachukua ubingwa wa magari yanayovuta kwa magurudumu manne. Aliendelea mpaka akafikisha mataji 14 ya dunia. Ukitazama picha za video za mbio zake, kinachoshangaza ni jinsi gari lake linavyoonekana halina haraka. Halirushi vumbi jingi. Wengine wanapiga kelele kwenye kona, yeye yuko nyuma ya kona tayari.

*

Baada ya mwaka 2000 mambo mawili yakaubadilisha mchezo. Mota zikaachana na kaboni, vile vipande vinavyosugua na kulika ndani, na betri za lithiamu zikashika nafasi ya zile za zamani. Nguvu ikawa nyingi na ya rahisi. Tatizo la betri kukata pumzi likapungua, likaja tatizo jipya: nguvu hiyo yote inawekwaje chini bila kuteleza?

Jibu likawa programu. Mota isiyo na kaboni haiwezi hata kuzunguka bila kompyuta ndogo ya kuihesabia mizunguko, na kwa kuwa kompyuta imeshakuwemo, kwa nini isifanye mengine? Ukichomeka kidhibiti mwendo kwenye simu au kompyuta unakuta orodha. Kuna ngumi, yaani umeme uingie kwa ghafla kiasi gani pale unapovuta. Kuna mkunjo wa mafuta: unaweza kuamua kwamba nusu ya kwanza ya safari ya kidole ilete robo tu ya nguvu, ili mwanzo uwe mpole na mwisho uwe mkali. Kuna breki inayojikamata yenyewe ukiachia. Kuna hata kasi ya lile bomba la kufungua na kufunga: ukiipunguza mota inavuta kwa mishtuko, ukiiongeza inakuwa laini. Kwenye zulia lenye kushika, dereva anataka ngumi. Kwenye udongo mkavu kama wa kwetu anataka mkunjo mpole, la sivyo ni chali.

Na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kuna madaraja ya mashindano ambayo kila mtu anatakiwa kuwa na mota ya aina moja ili ashinde dereva, sio pochi. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, vidhibiti vipya vikaanza kuchezea muda wa kuiamsha sumaku: mota ikishachanganya, programu inawahisha umeme kidogo kabla ya wakati wake, na mota ileile ya kawaida inakwenda kasi kuliko ilivyokusudiwa. Hakuna aliyebadilisha kipuri hata kimoja. Ukiifungua mota unakuta ni halali. Ujanja uko ndani ya programu, hauonekani kwa macho.

Suluhisho walilokubaliana nalo linanifurahisha. Kwenye madaraja hayo, kidhibiti ni lazima kiwekwe katika hali isiyowahisha kitu, na kikiwa katika hali hiyo taa yake ndogo inapepesa. Msimamizi anatazama tu. Taa inapepesa, uko sawa, ingia uwanjani. Wachezaji wakaliita daraja hilo kwa jina la ile taa.

Wakubwa nao walipita njia hiyohiyo. Formula 1 ilipiga marufuku vifaa vya kuzuia matairi kuteleza mwaka 1994, ikaviruhusu 2001 maana ilikuwa shida kuthibitisha nani amevificha kwenye programu, kisha 2008 ikaviondoa tena kwa kuzilazimisha timu zote kutumia kompyuta moja ya aina moja. Mabilioni ya pesa yalikuja kufikia wazo lilelile la taa inayopepesa: acha ubongo uwe wa wote, tuone mkono wa nani una akili.

*

Labda unajiuliza, msomaji, mambo ya wanasesere wa watu wazima wa California yananihusu nini. Nilijiuliza pia, mpaka kaka yangu akakaa pembeni yangu jioni ileile tukilitazama lile gari.

Kaka ni dereva wa bodaboda. Pikipiki yake anaijua kama anavyowajua wanawe. Ikisumbua asubuhi anapiga magoti, anageuza skrubu ndogo ya kabureta kwa bisibisi, anasikiliza, anageuza tena, anaondoka. Akaniuliza kuhusu pikipiki za umeme. Amezisikia kwa madereva wa malori yanayotoka Rwanda. Kigali zilianza kubeba abiria kibiashara mwaka 2019, na umeme wenyewe sasa unazalishwa mlangoni kwetu: kituo cha Rusumo kwenye mto Kagera kina megawati 80, zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na njia yake ya kuingia gridi yetu inakuja mpaka Nyakanazi, humuhumu wilayani Biharamulo.

"Hazili mafuta, nimeelewa," akasema. "Ila ikianza kuvuta vibaya, nageuza wapi?"

Nilimwonyesha kidhibiti mwendo cha lile gari la dogo, kijiboksi cheusi chenye nyaya tatu za kwenda kwenye mota. Nikamwambia kwamba kwenye pikipiki ya umeme kiko kikubwa zaidi cha kazi ileile, kinafungua na kufunga bomba lilelile. Mkunjo wa mafuta umo. Ngumi imo. Breki ya kujikamata imo. Akakigeuza akitafuta skrubu. Haikuwepo.

"Kwa hiyo ameshanigeuzia mtu mwingine," akasema.

Sijaacha kuifikiria sentensi hiyo. Watoto waliokua na Grasshopper walikuwa na rezista ya kuwaunguza, kisha transista ya kusoma, kisha programu ya kuchezea. Walijifunza umeme kwa vidole, hatua kwa hatua, kwa miaka 40, na chombo kilipoharibika hasara ilikuwa ya kichezeo. Sisi umeme wa barabarani unatujia hatua ya mwisho kwanza, kwenye chombo kinacholisha familia, ndani ya boksi ambalo mara nyingi limezibwa kwa gundi na kufungwa kwa nywila. Namba zilizomo ndani yake ndizo zinazoamua pikipiki ipande mlima ikiwa na abiria na gunia, au ibane betri ifike mbali.

Sisemi kila boksi lifunguliwe. Ile taa inayopepesa imenifundisha kwamba kufunga kunaweza kuwa haki: pikipiki inayoweza kuongezewa kasi na kila mtu mwenye simu ni hatari kwa abiria wake. Lakini tazama namna walivyofunga. Wachezaji walikubaliana sheria, wakaiandika, na kila mtu pale uwanjani, hata mtoto, aliweza kuona kwa macho yake kama imefuatwa. Kaka yangu hataki kuvunja sheria. Anataka kujua boksi lake limewekwa vipi, na kuwe na fundi Biharamulo mwenye ruhusa na maarifa ya kuligusa.

Ba'mdogo alifariki mwaka 2011. Nadhani angehangaika na boksi lile siku mbili tatu, halafu angetafuta penseli.

*

Turudi kwenye kiwanja. Kidhibiti cha lile gari ni cha bei nafuu, hakiunganishwi na simu. Unakibonyeza kitufe chake, unasubiri, unahesabu milio. Karatasi ya maelekezo ilipotea kabla halijafika kwangu, kwa hiyo dogo akaanza kutafuta mwenyewe. Mlio mmoja, akajaribu, breki ikabadilika. Milio miwili, hakuona tofauti. Milio mitatu, akapunguza ngumi, akaliweka chini, akavuta kifyatulio mpaka mwisho.

Gari likaondoka. Likanyanyua pua kidogo, likashuka, likakata vumbi mpaka kwenye migomba likageuka.

Kaka akaomba rimoti. Akaendesha duara mbili, taratibu kuliko mwanawe, akasikiliza kichwa kimeinama upande kama anavyoisikiliza kabureta. "Bado linavuta ghafla hapa katikati," akasema.

Dogo akachukua daftari la Hisabati, akafungua ukurasa wa mwisho, akachora jedwali: milio, ilikuwa, nimeweka. Safu ya nne akaiandika juu yake: "baba anasemaje". Giza lilipoingia tulikuwa bado hatujajaza mstari wa tano, na betri ikaisha.